Pumzi ya Mjomba January

Kila jioni Mjomba January aliporudi kutoka kazini alikuwa haingii ndani moja kwa moja. Aliegesha pikipiki chini ya mkorosho, akavua viatu, akaja mpaka mlangoni na kuinama, maana yeye ni mrefu na mama yangu ni mfupi. Kisha akafungua mdomo na kutoa pumzi.

"Haaa."

Mama alisogeza pua, akafumba macho kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi, halafu akatoa hukumu.

"Ming'oko ya kuchemsha. Chai ya tangawizi. Pita."

Mjomba akapita.

Siku nyingine Mama alisema, "Leo umekula samaki wa Newala, yule aliyesafiri kwenye gunia mpaka akasahau bahari. Pita." Siku nyingine alimkamata: "Karanga za nani hizo, na mimi nimekaa hapa sina hata moja?" Na Mjomba akatoa mfukoni pakiti ya karanga, ambayo alikuwa ameificha makusudi ili igunduliwe. Nimekulia ndani ya mchezo huo. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mbali na nyumbani, kitu nilichokikumbuka zaidi jioni hakikuwa chakula. Kilikuwa ile "haaa" ya mlangoni.

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi, wakati kijiji chetu chote cha Lisekese kinanuka mabibo ya mikorosho yaliyoanguka, Mjomba akiwa ameinama, mdomo wazi, na pua ya Mama ikiwa imekaribia kabisa, mtu akakohoa nyuma yake.

"Hodi hapa."

Mama aliruka hatua moja nyuma. Mjomba alifunga mdomo haraka hadi akajiuma ulimi.

Mgeni alikuwa mwanamume wa makamo, shati limechomekewa vizuri, begi dogo begani, na vumbi la njia ya Lisekese limempanda mpaka magotini. Alimwamkia Mama shikamoo, akaitikiwa, akajitambulisha. Aliitwa Gwakisa. Alikuwa ametoka Mtwara mjini kwa kazi ya serikali, na kazi yenyewe ilimhusu January.

"Samahani," alisema, akiwatazama wote wawili. "Nimewakuta kwenye matibabu?"

"Jino!" Mama alisema, haraka mno. "Nilikuwa namwangalia jino. Linamsumbua. La kushoto."

Mjomba alikuwa tayari ameshika shavu. La kulia.

Gwakisa aliliangalia shavu lile kwa utulivu. "Pole sana, bwana January."

"Na kama umekuja kuuliza mambo ya pombe," Mama aliendelea, "huyu hata rangi ya pombe haijui."

"Sijauliza bado, mama," Gwakisa alisema.

Tulijua kwa nini amekuja. Mjomba alikuwa dereva wa kibarua kwenye ofisi moja ya serikali pale Masasi. Kila siku ya kazi, isipokuwa Ijumaa ambapo alibaki Masasi, alipanda uwanda wa juu hadi Newala na gari la barua za kawaida, jioni akashuka. Sasa dereva mwenzake alikuwa anastaafu, yule wa masijala ya siri, anayebeba mabegi yenye kufuli. Mkuu wa ofisi alimpendekeza Mjomba achukue nafasi hiyo, kwa ajira ya kudumu. Lakini mtu hakabidhiwi mabegi yale kabla hajafanyiwa upekuzi. Wanaangalia maisha yake, wanauliza anakoishi, wanapima kama anaweza kuaminiwa na siri za watu.

Mjomba alituletea habari ile wiki chache nyuma, kwa sauti ya chini, kana kwamba akiitamka kwa nguvu itaruka. "Ufunguo mmoja uko Masasi, mwingine uko Newala," alisema. "Katikati ni mimi tu. Watanikabidhi kitu kilichofungwa, dada." Halafu akaanza kusugua magoti yake kwa viganja. Sikuwahi kumwona akitaka kitu namna ile.

Gwakisa alisema kesho yake angezungumza na majirani, na Jumapili, kabla ya kurudi Mtwara, angekaa na Mjomba mwenyewe. Aliomba apatiwe mtu wa kumwonyesha njia. Mama akaninyooshea kidole.

Mgeni alipoondoka Mama alifunga mlango, na jua lilikuwa bado lipo.

"Mama," nilisema, "mimi sitaweza kumdanganya yule baba."

"Nani kakwambia udanganye? Wewe hutasema kitu. Wewe hata ukweli huwa husemi."

Ilikuwa kweli. Hata darasani kwangu, ambako nafundisha kwa kujitolea, watoto wa nyuma huniomba nipaze sauti.

Niseme sasa kile ambacho Mama hakutaka kisemwe. Mjomba aliwahi kuwa mlevi. Nilikuwa mdogo, niko darasa la tatu, lakini nakumbuka. Alianza na uraka, pombe ya maji ya mabibo, kama vijana wengi wa kwetu, akahamia kwenye nipa, ile inayopikwa ikatoka nyeupe na kuunguza koo. Siku moja akiwa amelewa aliendesha pikapu ya tajiri wake kutoka Nanganga, ikapinduka. Nyuma ya pikapu alikuwepo fundi cherehani wa hapa kwetu, Mzee Mujibu, na cherehani yake. Cherehani ilipona. Mguu wa Mzee Mujibu haukupona sawasawa. Mjomba alihukumiwa, akafungwa, akatumikia kifungo chake. Tangu alipotoka hajaweka tone mdomoni.

Hayo yalijulikana Lisekese nzima. Lakini Mama jioni ile alijifunga kanga na kwenda nyumba kwa nyumba, na aliporudi uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyeziba tundu zote za paa.

"Watu wazuri," alisema. "Wote wamekubali."

*

Jumamosi asubuhi nilimtembeza Gwakisa. Mjomba alikuwa ameondoka mapema kwenda shamba kuokota korosho.

Tulianza kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Godwin, aliyetupokea akiwa amevaa koti la harusi. Gwakisa alimuuliza anamfahamuje January.

"January?" Mzee Godwin alisimama wima kama yuko mahakamani. "Hata rangi ya pombe haijui."

Tukaenda kwa Ethel, mwimbaji wa kwaya. "Hata rangi ya pombe haijui," Ethel alisema. Kisha, kwa kuwa ana moyo wa kutoa, akaongeza: "Hata siku padri anapoinua kikombe cha divai, yeye hugeuza uso."

Tukaenda kwa Mama Pili, ambaye zamani nyumba yake ilikuwa na wateja wengi kuliko duka. Alikuwa anapepeta mbaazi na hakuinua macho. "Hata rangi ya pombe haijui. Wala hapa kwangu hajawahi kukanyaga."

"Kwani hapa kwako kuna nini, mama?" Gwakisa aliuliza.

Ungo ulisimama. "Kuna kuku," Mama Pili alisema.

Tulipokuwa njiani Gwakisa alitembea akipisha bodaboda, akiruka mizizi. Mwishowe alisema, "Kijiji chenu kina bahati, mwalimu. Sijawahi kufika mahali ambapo rangi ya pombe haijulikani kabisa."

Nilitaka kucheka, na papo hapo nilitaka kulia. Niliangalia viatu vyangu.

Mama alikuwa amenikataza jambo moja: nisimpitishe mgeni kwa Mzee Mujibu. Kila mtu alikuwa amekubali kunyamaza, ila kwa Mzee Mujibu Mama hakwenda hata kumwomba. Yeye ni Myao na sisi ni Wamakonde tulioshuka kutoka Newala. Ni mtani wetu. Mtani hafungwi mdomo. Ukimwomba anyamaze umempa ngoma na fimbo ya kuipigia. Basi nilichukua njia ya nyuma, ya kwenye mikorosho, ambayo hakuna mtu mwenye akili anayeipita mwezi wa kumi kwa sababu ya mabibo na nyuki.

Sauti yake ilitupata hata hivyo.

"We binti! Mbona unamficha mgeni kama gunia la magendo? Mlete hapa tumwone!"

Alikuwa barazani na cherehani yake, mguu mmoja umenyooka mbele. Sikuwa na la kufanya. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamkaribisha Gwakisa kwenye benchi.

"Wewe ndiye unayeuliza habari za January? Mbona hukuanza kwangu? Mimi ndiye ninayemfahamu yule kiumbe. Watani zangu hawa walishuka mlimani kufuata maji, maana kwao maji ni ya kusimuliwa. Wenzake wakafuata maji. Yeye akafuata kitu kinachofanana na maji."

Gwakisa alitabasamu. "Ni mnywaji?"

"Mnywaji? Lile lilikuwa pipa la nipa lenye miguu! Alilala kwenye zizi langu akamkumbatia beberu mpaka asubuhi, akimwita kwa jina la mchumba wake. Beberu yule hakupanda tena jike. Alikuwa na majonzi."

Nilifunika uso kwa kanga. Gwakisa alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaivaa tena, na sauti yake ikabadilika kidogo.

"Mzee wangu, na mimi natoka kwenye watu wenye watani. Najua mtani hupaka rangi. Sasa nikuulize, haya ni utani au ni kweli?"

Mzee Mujibu alipandisha suruali mpaka gotini. Mfupa wa mguu wake umepinda kwa ndani, na ngozi ya hapo inang'aa.

"Mdomo ndio wenye utani," alisema. "Mguu hauna utani. Huu ni wa January. Alinipindua Nanganga akiwa amelewa."

Nyuki walikuwa wanavuma kwenye mabibo. Nilijua kazi ya Mjomba imekwisha, tena mbele ya macho yangu.

"Na leo mnaishije, wewe na yeye?" Gwakisa aliuliza.

"Tunaishi vibaya sana," Mzee Mujibu alisema. "Kila Ijumaa ananijia hapa na pikipiki kunipeleka msikitini. Mkristo mzima! Ananisubiri nje kwenye jua mpaka nimalize, ananirudisha. Tangu alipotoka kifungoni. Nimemwambia aache, watu watadhani amesilimu. Hasikii. Hata jana alinipeleka. Mtu mkaidi namna hiyo, mnataka kumpa gari?" Akateremsha suruali, akakanyaga cherehani. "Mpeni. Labda atapunguza kunisumbua."

*

Tuliporudi, Gwakisa aliomba tupumzike kwenye gogo. Alifuta shingo yake kwa leso.

"Wewe ni mpwa wake," alisema. "Hukusema neno asubuhi yote. Nimekushukuru kwa hilo, kwa sababu wewe peke yako hujanidanganya."

Nilisema kitu, sijui kitu gani. Pengine nilisema asante.

"Watu wanadhani tunatafuta malaika," aliendelea. "Mtu aliyekunywa, tunauliza: alikunywa namna gani, aliacha lini, nani anaweza kushuhudia kwamba ameacha. Aliyefungwa, tunauliza: kwa kosa gani, lini, na baada ya hapo ameishi vipi. Kosa lake lina uzito, sikufichi. Dereva aliyelewa akamvunja mtu mguu, huyo unamfikiria mara mbili. Lakini habari ya kifungo chake nilikuwa nayo kabla sijapanda basi. Alama za vidole hazisahau."

Nilimtazama.

"Nilichokuja kukitafuta ni kingine. Mwenye aibu anayoificha, mtu mwingine anaweza kumshika hapo. Atamwambia: nifungulie begi hilo dakika moja tu, la sivyo nitasema yako. Na yeye atafungua. Kwa hiyo nitamuuliza January mwenyewe. Akiniambia hata rangi ya pombe haijui, nitalazimika kuandika kwamba hafai. Si kwa sababu ya nipa, mwalimu. Kwa sababu ya jino."

Jioni ile Mjomba alirudi kutoka shamba. Mikono yake ilikuwa imekaukiwa na utomvu wa mabibo, shati lake linanuka mabibo, hata nywele. Alivua viatu, akaja mlangoni, akainama.

"Haaa."

Mama alikuwa amesimama mbele yake, lakini pua hakuisogeza. Alitazama barabarani, juu ya bega lake.

"Ingia tu," alisema. "Mchezo huo basi. Umeona umetuponza."

Mjomba alibaki ameinama. "Dada, leo ndiyo siku ya kuninusa kuliko zote. Nimeshinda kwenye mabibo."

"Nimesema ingia."

Hakuingia. Alikaa kwenye kigoda nje, nikampelekea ugali na kisamvu pale pale, akala polepole akiwa ameupa mlango mgongo. Sijui namna ya kueleza jinsi mgongo ule ulivyokuwa. Mtu mzima, mrefu, mjomba wa ukoo mzima, asiyejua aingieje nyumbani kwao.

Nilijaribu kumwambia Mama. "Yule baba anasema—"

"Anasema nini? Mujibu keshatumaliza, sasa hivi wote wanasema. January atasema ni uzushi wa watani. Basi."

"Mama, anajua."

"Nisikusikie, Leonia."

Na kwa kweli hakunisikia, kwa sababu lile "anajua" nililisema chini chini, nikiwa nimeshageuka.

*

Jumapili baada ya misa nilimkuta Mjomba anasafisha pikipiki ambayo ilikuwa tayari safi. Yeye simwogopi. Nilimweleza yote, la begi, la aibu, la alama za vidole.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Nilitaka kumwambia siku ile ile, Leonia. Neno lilikuwa hapa." Aligusa koo. "Lakini dada alikuwa ameshasema jino. Nikisema kweli mbele ya mgeni, nimemwita dada yangu mwongo. Mtu aliyeniogesha, aliyenipelekea uji gerezani kwa mguu. Kijiji kizima kimedanganya kwa ajili yangu, nami niwageuze wote kuwa waongo?" Aliminya kitambaa, maji machafu yakatoka. "Bora niendelee na barua za kawaida."

"Lakini unaitaka kazi hiyo."

"Naitaka," alisema. "Naitaka mpaka naota lile begi."

Gwakisa alifika mchana. Aliomba azungumze na Mjomba wakiwa wawili. Mama akamwambia ndiyo, bila shaka, kisha akaleta kigoda chake na kukaa katikati yao. Gwakisa alikitazama kigoda, akaonekana kuamua kwamba si vita ya kupigana.

"Bwana January," alisema, "nina maswali mawili tu ya maana. Umewahi kuwa na tatizo la pombe? Na umewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote?"

Mjomba alifungua mdomo. Akamwangalia Mama. Mama alikuwa amemkazia macho, mikono imeshika kanga kwenye mapaja. Mjomba akafunga mdomo.

Kuku walipita. Niliona mkono wa Mjomba ukipanda taratibu kuelekea kwenye shavu, na nikaelewa kwamba sasa hivi atasema jino. Atalisema kwa ajili ya dada yake, na kila kitu kitaishia hapo.

"Mama, mnuse," nilisema.

Wote watatu waligeuka. Nadhani hata mimi nilitaka kugeuka nione nani amesema.

"Unasemaje?" Mama aliuliza.

"Mnuse," nilisema, na safari hii watoto wa nyuma wangenisikia. "Kama kila siku. Tangu jana jioni hajaingia ndani. Amelala kwenye banda anakolaza pikipiki."

Mama hakujua hilo. Alimtazama Mjomba, Mjomba akatazama chini. Nikaona uso wa Mama, uliokuwa umekazwa tangu Ijumaa, unalegea kuanzia mdomoni.

Alisimama. Mjomba naye akasimama, akaenda mpaka mlangoni, akainama pale pale anapoinama siku zote.

"Haaa."

Mama alifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida.

"Maji matupu," alisema. "Hujala kitu tangu asubuhi. Pita."

Kisha akamgeukia Gwakisa. "Si jino, baba. Nisamehe. Siku aliyotoka gerezani alisimama hapa mlangoni, nikamwambia ingia. Akasema, 'Dada, ninuse kwanza. Siku nikinuka usinifungulie.' Sikumtaka yeye afanye hivyo, alitaka mwenyewe. Tangu siku hiyo sijakuta kitu. Lakini ulipotukuta nikaona aibu, nikaogopa utasema huyu bado ananuswa kama mtoto. Majirani nimewafundisha mimi. Usiwaandike vibaya."

"Ethel aliongeza ya kwake mwenyewe," Gwakisa alisema.

"Ethel huongeza," Mama alikubali.

Mjomba alikuwa amevuka kizingiti. Alirudi nje, akakaa mbele ya Gwakisa, na maneno yakatoka kama maji yaliyokuwa yamezuiwa na jani moja tu. Alisema alivyoanza kunywa, na alivyokuwa anakunywa mwishoni, kabla hata ya kunawa uso. Alisema habari ya Nanganga bila kujipunguzia. Alisema jina la kosa, na kwamba alistahili kifungo chake. Gwakisa alimuuliza kama bado anatamani.

"Mwezi wa kumi, mabibo yakinuka, natamani," Mjomba alisema. "Siwezi kukudanganya. Ndiyo maana nainama."

Gwakisa aliandika kidogo, akafunga begi lake.

"Uamuzi si wangu," alisema. "Wako wa juu yangu, na lile kosa watalipima. Ila nitawaambia nilichokiona. Sioni mtu atakayekutisha kwa siri ambayo mtani wako anaitangaza barazani." Akasimama, akamwangalia Mama. "Mama, nimefanya kazi hii miaka mingi, nina vyombo vya ofisi vya kila namna. Sijawahi kuona upekuzi wa kila siku."

Mama alimpa mgeni korosho zilizokaangwa, akamfungia na nyingine za njiani. Alikataa kumwachia mpaka alipoahidi kwamba atamsalimia mkewe.

*

Majibu yalichelewa mpaka mikorosho ilipokuwa imebaki majani matupu. Mjomba hakupiga simu. Alirudi siku moja amevaa sare mpya, tukajua.

Siku aliyobeba begi la kwanza kwenda Newala, Mama alianza kuangalia barabara mapema, akijifanya anachambua mchicha. Mzee Mujibu alikuwa amechechemea hadi kwetu, akidai amekuja kuona kama serikali imepata hasara. Pikipiki iliingia uani. Mjomba alivua viatu, akavipanga, akaja mlangoni na sare yake, akainama.

"Haaa."

"Ndizi," Mama alisema. "Na ukungu wa Newala. Pita."

Lakini Mjomba hakupita. Alibaki ameinama, uso wake umekaribiana na wa Mama, na macho yanacheka.

"Dada, sasa hata serikali imeninusa ikaridhika. Wewe bado?"

"Mwache akunuse," Mzee Mujibu alisema kutoka kwenye kigoda. "Hana kazi nyingine."

Kwetu dada na kaka wakishakuwa watu wazima hawakumbatiani; kuna heshima yake, ya umbali kidogo. Mama alisimama na mchicha mkononi, akitafuta pa kuuweka, asipaone.

"Pombe mdomoni mwako niliacha kuitafuta zamani, January," alisema. "Ile 'pita' siyo ya pombe."

"Ni ya nini?"

Alitazama mchicha. Kisha akamtazama yeye.

"Nimefurahi umerudi," Mama alisema. "Ndiyo maana yake. Kila siku. Nimefurahi umerudi nyumbani."